Wimbo Mkubwa kwa Makofi ya Masisi

Katika kwaya yetu ya Mabanga, hapa Goma, mkono wa kiongozi ukifungwa kuwa ngumi, kila mtu ananyamaza, hata akiwa katikati ya neno. Nimekulia humo. Ndiyo maana niliteseka majuma kadhaa kabla ya kuthubutu kupeleka pale wimbo tulioupanga upya.

Ni ule wimbo mkubwa wa sauti nne kutoka Ulaya, wa zamani sana, ambao kila kwaya ya Goma huuimba Pasaka na kila moja huamini inazishinda nyingine. Rafiki yangu mpiga gitaa, binti wa wafugaji wa Masisi, aliutia makofi wanayopigiwa maharusi kwao. Mimi nikapanga sehemu ya kinanda changu. Noti zote tuliziacha kama zilivyo, mwendo tukaugeuza. Nilijiandalia utetezi kama mtu anayekwenda mahakamani. Shahada yangu ya sheria haijanipatia kazi nyingine.

Muzee anayetuongoza alitupa nafasi moja, siku ya mazoezi. Akikubali, tutauimba hivyo Pasaka. Akikataa, tusilete tena maneno hayo.

Tulianza vibaya. Wanaume wa sauti ya chini wameuimba wimbo ule tangu ujana wao. Walipofungua midomo, walitoka na mwendo wa zamani, mzito, huku makofi yakikimbia juu yao.

"Ba-basi, nyinyi ba sauti ya chini, muko naenda wapi?" mama mmoja wa soprano akapaza sauti. "Harusi iko huku, nyinyi muko kwa kilio!"

Watu wakacheka. Niliwaza kuwafuata, nikawaza kuwasubiri, nikawaza kujifanya umeme umekatika. Ndipo nikasikia: uzito wao chini ya makofi yale ulikuwa mzuri kuliko chochote tulichopanga. Nikamtikisia kichwa mpiga gitaa, asiwasahihishe.

Muzee hakusikia hivyo. Ngumi ikafungwa.

Kwaya nzima ikakatika, gitaa nalo. Niliiona ngumi vizuri, na nikaendelea kupiga kinanda.

"Mutoto, haujaona mukono?"

"Nimeuona, muzee."

"Na uko napiga?"

"Niko napiga. Wacha tufike mwisho. Ukikataa, ukatae wimbo muzima, hapana kipande."

Vidole vyangu havikukosea. Mpiga gitaa akaweka gitaa chini, akaanza makofi. Wa sauti ya chini, watiifu kuliko wote, wakaingia taratibu na mwendo wao uleule. Kisha wanawake. Tukafika mwisho.

Muzee akafunga vifungo vya koti lake.

"Hii miye siwezi kuongoza. Mukono yangu haitajua kwa kuingilia."

"Basi tutaimba bila mukono, papa," mpiga gitaa akasema.

"Mutaanguka."

"Tutaanguka na sauti zote ine!"

Hata muzee nusura acheke. Akajikaza. "Mujaribu. Lakini miye nitaikala na waumini."

Siku ya Pasaka hakuna aliyesimama mbele yetu. Muzee aliketi benchi la kwanza, mikono mifukoni. Nilitikisa kichwa, nikaanza haraka mno kwa woga, na hapakuwa na mtu wa kunipunguza mwendo. Makofi yakanikamata, wazee wa sauti ya chini wakaingia na mwendo wao. Aitoe ile mikono, asiitoe, sikumtazama tena. Tulikuwa na wimbo wa kumaliza.