Droni Haivuki Uzio

Darasa la nne sikulimaliza, lakini sheria za droni za sekondari yetu hapa Songea nimezitoa mimi. Nasema wazi, wa kununa anune.

Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Klabu ya sayansi ya wasichana ilipewa droni na mfadhili, mwalimu wao akahangaikia kibali serikalini mpaka kikatoka. Kosa likaja jioni ya kwanza ya kuirusha. Shule imepakana na nyumba za mtaa wetu wa Bombambili, na bafu zetu sisi ziko uani: matete pande nne, juu mbingu. Nani aliwahi kufikiri mtu atachungulia kutoka juu? Mama mmoja, muuza maandazi, alikuwa anaoga. Akasikia vuuu, akainua uso, na kamera inamtazama.

Kwenye kikao cha wazazi alikuja na hasira zake zote.

"Mume wangu mwenyewe hukohoa kwanza ndipo asogee bafuni. Leo dude linaruka, linaingia bila hodi!"

Watu wakaangua kicheko.

"Chekeni tu. Na nyie mnaoga."

Kicheko kikakatika. Wazazi wakasema droni irudishwe kwa mwenyewe. Wasichana wa klabu walikuwa wamekaa nyuma, wameinamisha vichwa, na mmoja wao ni mjukuu wangu.

Nikasimama. Ujana wangu umeishia msitu wa Madaba, naangusha miti na kupasua mbao kwa mikono hii. Kule hatukuwa na sheria za kuandikwa. Tulikuwa na mtu mmoja anasimama pembeni, msumeno hashiki, kazi yake kutazama mti unaangukia wapi na nani yuko chini. Akisema acha, tunaacha, hata tajiri mwenye mbao apige kelele mpaka akauke koo. Ndiyo maana vidole vyangu ninavyo vyote.

Nikawaambia droni nayo iwe na mtu wa namna hiyo. Mrushaji anatazama droni, mtazamaji anatazama watu na upepo. Kabla ya kuruka, uwanja utangaziwe, watu watoke. Isipite juu ya vichwa. Kamera isigeuzwe kwenye nyumba za watu. Haivuki uzio. Na mtazamaji akisema ishuke, inashuka, hata aliyetaka iruke awe nani.

"Na ikivuka tena?" akauliza mama wa maandazi.

"Siku hiyo hiyo nairudisha, naibeba mwenyewe."

"Haya. Nitakuwa naangalia."

Siku ya mahafali, uwanja wa mpira ukaachwa mtupu, wageni wakakaa pembeni chini ya maturubai. Mjukuu wangu ndiye mtazamaji, filimbi shingoni. Droni ikapanda, ikazunguka magoli, watu wakashangilia. Mimi kifua kikanijaa. Ng'ambo ya uzio iko nyumba yangu, bati jipya, jekundu, jasho langu mwenyewe. Nikamsogelea mjukuu.

"Ipelekeni pale kidogo tu, wageni waone bati."

"Hapana, babu."

"Mimi ni mwenyekiti!"

"Shikamoo, mwenyekiti. Haivuki uzio."

Papo hapo akaona miti ya pembeni inaanza kuyumba, akapuliza filimbi. "Ishuke!" Mrushaji hakubisha, akaituliza katikati ya uwanja. Imegusa nyasi tu, upepo ukaja na vumbi lake, ukang'oa turubai na kulitupa ng'ambo ya uzio. Droni ingekuwa juu, ingelifuata huko huko.

Mama wa maandazi alikuwa amekaa nyuma yetu, amesikia kila neno. Akasimama akapiga vigelegele mpaka mgeni rasmi akageuka. "Kamkatalia babu yake! Iacheni droni yao, jamani, mimi nimeridhika!"

Wazazi wakapiga makofi, na mimi nikapiga kuliko wote. Kumbe sheria yangu ina meno, na aliyenionyesha ni damu yangu. Droni ipo mpaka leo, na shule nyingine zinakuja kutuuliza tunafanyaje.

Bati langu hakuna aliyeliona kutoka juu. Anayetaka kuliona aje kwa miguu, apige hodi.