Siku Niliyosindikiza Kontrabasi Hadi Baraka

Niliondoka Uvira kwa sababu ya chombo cha muziki kisichoingia ndani ya gari. Wanamuziki wanne wa Kinshasa walikuwa wamealikwa mjini Baraka kupiga, jioni ya Jumamosi, muziki mpya wa watunzi ambao bado wako hai: jazi kidogo, na ule muziki wa watu wachache wanaokaa kwenye viti na kutazamana kama mahakimu. Jipu yao ilibeba saksafoni, violini, selo, masanduku ya nguo na katoni nne za maji ya chupa, kwa kuwa walisikia Baraka iko kando ya ziwa na hawakutaka kubahatisha. Kontrabasi ikakosa nafasi. Wakatafuta mtu asiye na kazi, aisindikize juu ya kamiyo, lori la mizigo, na sokoni kila waliyemuuliza akawaonyesha mimi.

Shule niliiacha darasa la tano, na tangu siku hizo naenda popote panapotokea nafasi ya kwenda. Kontrabasi sikuwahi kuiona. Hilo peke yake lilitosha kunipandisha kamiyo.

Saa kumi na mbili asubuhi, Uvira. Chombo chenyewe ni violini iliyokula vizuri tangu utotoni. Kikisimama kinanizidi urefu. Tulikivika godoro la sponji, tukakifunga kwa kamba juu ya mifuko ya saruji. Maestro, kiongozi wao, mpiga saksafoni aliyesomea Ulaya na kurudi na kofia, aliniagiza kisipigwe jua, kisiloe, kisilale kifudifudi na kisiguswe na mtu.

"Iko na bwana?" nikamuuliza.

Hakucheka. Wao wakatangulia na jipu.

Saa nne, Mboko. Kamiyo ilisimama dereva anywe chai. Mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alipanda gurudumu, akapitisha mkono chini ya godoro na kukigonga tumboni kama anayechagua papai.

"Ndani hamuna kitu," akasema.

"Ndiyo, mama. Sauti inapita mo."

"Munatoka Uvira na kitu kikubwa hivi, na ndani hamuna kitu? Mungejaza mo ndagala, ingefika na maana."

Baada ya Lweba, kila kamiyo ilipoingia shimoni, kile chombo kilinguruma chenyewe ndani ya godoro, na abiria wenzangu wakaanza kukijibu. Nasema kweli: ulikuwa muziki mzuri kuliko mwingine nilioukuta baadaye, na haukuwa na hotuba.

Saa saba, Baraka. Nilikishusha mbele ya ukumbi wa kanisa, nikapokelewa na Mwalimu Wilondja. Huyu anafundisha shule ya msingi na ndiye kiongozi wa kwaya. Kuimba kwa noti alijifunza kambini Tanzania, miaka ile ya ukimbizi, na aliporudi hakurudi na mali nyingine. Alinipeleka kwake, akanipa ugali wa muhogo na samaki, na kabla sijanawa mikono akaniambia habari yake. Wenye mradi walioleta muziki huu walikuwa wametaka na kipande kimoja cha mtunzi wa hapa. Yeye akakaa miezi minne akikiandika: violini, selo, kontrabasi na saksafoni, kila moja na njia yake. Saa sita mchana alikuwa amemkabidhi Maestro karatasi ndani ya bahasha.

"Ameiangalia?" nikauliza.

"Amesema hapana lazima. Bao banasoma kila kitu palepale, mara ya kwanza."

Hapo akaingia Mama Riziki, rais wa komite ya kwaya, muuza unga wa muhogo, mwanamke ambaye hata akinong'ona majirani huitika. Hakukaa.

"Mwalimu, nakuambia mbele ya mugeni, ili usiseme sikukuambia. Myezi ine haujatufundisha hata wimbo moja. Pasaka tuliimba ya mwaka jana. Batu ba kwaya ya ng'ambo ya pili bakatucheka mpaka bakapiga magoti."

"Mama Riziki, leo mutaisikia ile kazi."

"Tukiisikia, tutaangalia. Tusipoisikia, kesho siku ya Mungu unamupa musaidizi wako Alimasi kwaya, na we unakaa kwa bench na babaritone."

Akanigeukia. "Na weye ndiye uliyeleta ile sanduku ya maiti?"

Nikakubali. Akaenda zake. Mwalimu hakumaliza samaki wake, nilimsaidia.

Saa kumi, ukumbini. Yaani ndiyo saa iliyoandikwa. Watu walijaa, wavuvi, walimu, bamama wa soko, wazee kadhaa walioshuka toka Lubondja kwa miguu. Mbele waliwekwa wakubwa kwenye makochi yenye vitambaa vyeupe, kila mmoja na soda yake. Bwana wa protokole, amevaa koti la manjano, alianza kuwasalimu kwa vyeo vyao. Alipomaliza, aligundua kwamba mmoja amesahauliwa, akaanza tena tangu mwanzo ili asimvunjie heshima. Zikafuata hotuba. Ukumbi ule hauna taa. Mimi nilikuwa naangalia jua dirishani, na Mwalimu, ukutani, alikuwa analiangalia pia.

Saa kumi na moja kasoro dakika chache muziki ukaanza. Kwanza jazi. Katika jazi, nilivyoelewa, wanaanza pamoja, halafu mmoja anaendelea peke yake na wenzake wanaacha, wanafuta jasho, wanatazama paa. Mzee wa Lubondja aliyekaa karibu nami alihuzunika.

"Banagombana," akasema. "Angalia, ule wa violini amekasirika. Amewacha."

"Atarudi, mzee."

Wa violini aliporudi, mzee alipiga makofi kwa furaha ya kweli, kama mtu aliyeona ndugu wawili wamepatana. Sijaona msikilizaji bora kuliko yule.

Kisha kikaja kipande cha Maestro mwenyewe, kinachoitwa Ziwa Namba Tatu. Namba moja na namba mbili hatukuelezwa ziko wapi. Kikaratasi cha programu kilisema muziki huu "unayauliza maji maswali". Nyuma yangu walikaa wavuvi sita wenye majibu yote, lakini hakuna aliyewauliza wao. Selo ilikwaruza, saksafoni ikapuliza hewa tupu bila sauti, kontrabasi yangu ikapigwa kofi. Halafu vyote vikanyamaza. Maestro aliinua mkono, akafumba macho, akainamisha kichwa. Ilikuwa ni sehemu ya utunzi: ukimya, umeandikwa.

Sasa, Baraka mtu akisimama mbele ya kanisa, akainua mkono, akafumba macho na kuinama, watu wanajua wanachoombwa kufanya. Mama Riziki alisimama.

"Tuombe!"

Ukumbi mzima ukasimama ukaomba, kila mtu kwa sauti yake na shida zake, wote kwa pamoja, kama desturi ilivyo. Waliombea wagonjwa, barabara, mishahara ya walimu. Mama Riziki, juu ya wote, aliwaombea vijana wanne waliotoka mbali na kazi yao imekwama katikati. Maestro alifungua jicho moja. Wakubwa kwenye makochi walikuwa wamesimama pia, soda mkononi. Ilipofika "Amina", watu walikaa wameridhika na kumpigia makofi. Alijaribu kuendelea, lakini kwa mawazo ya wote kipande kilikuwa kimeisha, na kimeisha vizuri.

Saa kumi na mbili kasorobo. Bwana wa protokole akamtangaza Mwalimu Wilondja. Kwaya yake, iliyotawanyika ukumbini, ikanyoosha shingo. Maestro akafungua bahasha. Akageuza karatasi. Akaigeuza tena. Akamwonyesha wa violini, naye akampa wa selo, kama watu wanaopokezana kiazi cha moto.

"Mwalimu," Maestro akasema polepole, "hii ni nini? Iko wapi mistari? Hii ni barua."

Nilisogea nikaona. Karatasi ya vyumba vidogo, ya daftari la hesabu, imejaa herufi: d, r, m, f, s, l, t, na nukta na vistari katikati, safu nne juu kwa chini. Ni namna kwaya zote za huku zinavyoandika nyimbo. Wale wanne, na vyeti vyao vyote, walikuwa hawajui kuisoma.

"Iko muziki," Mwalimu akasema.

"Tutaichukua Kinshasa, tutaitia kwenye ordinateur, ile kompyuta yetu, mwaka ujao..."

Hapo nikajua kwamba mtu anaweza kusoma mpaka Ulaya na bado akawa ameacha shule mahali fulani, kama mimi. Nilitaka kucheka. Kisha nikamwona Mwalimu akiinamia bahasha tupu, nikaacha.

Mama Riziki alikuwa ameshafika mbele. Nilidhani amekuja kumtaja Alimasi. Alimnyang'anya Maestro karatasi, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, midomo ikitembea.

"Hii haujui kusoma?" akamuuliza. "Hii mutoto wangu anasoma."

Akageukia watu. "Soprano, violini! Alto, saksafoni! Batenor munachukua selo! Babasi, ile sanduku! Alimasi, kuya hapa uangalie pamoja nao."

Walikuja toka kila pembe, wakabanana kuizunguka karatasi moja. Wakaimba herufi zenyewe, do, so, mi, bila maneno, palepale, mara ya kwanza kuiona. Safu ya tatu walipotea, Mama Riziki akapiga kiganja, wakarudi nyuma. Sauti nne ziliachana, zikafuatana, zikapishana kama njia za sokoni, na kila nilipodhani zimegongana zilikuwa zimesalimiana tu. Wa kontrabasi peke yake alishika uta wake wa kukwaruzia nyuzi na kuwafuata kwa sikio. Mwalimu hakuongoza. Alisimama na mikono yake haijui pa kukaa.

Walipomaliza jua lilikuwa limezama. Hakuna aliyepiga makofi upesi. Watu walikuwa wanamngoja Mama Riziki.

"Mwalimu," akasema, karatasi bado mkononi, "safu ya tatu umetuwekea juu sana. Unataka tupasuke? Kesho kisha ibada unatushushia ile, na unatufundisha yote. We mwenyewe. Alimasi yeye ataleta bench."

Ndipo makofi.

Siku ya Mungu, saa saba, kurudi. Kamiyo ilikuwa inapiga honi nje ya kanisa, kontrabasi imeshavikwa godoro lake, na mimi namtafuta Maestro anikabidhi ufunguo wa sanduku la nyuta. Nilimkuta ndani. Alikuwa amekaa katikati ya batenor, bila kofia, na kipande cha karatasi ya hesabu magotini, akifuata herufi kwa kidole. Mwalimu Wilondja alikuwa mbele, mkono juu. Maestro alianza kuimba kabla ya zamu yake, na kwaya nzima ikakatiza kwa sababu yake.

"Rudia," Mama Riziki akamwambia. "Batu bote banakungoja weye."

Alinirushia ufunguo bila kunitazama, macho yakiwa kwenye karatasi. Nilipanda kamiyo nikarudi Uvira na kontrabasi. Mpaka tunapita kona ya mwisho bado nilimsikia Mwalimu akihesabu, na kwaya ikianza tena mstari uleule, kwa ajili ya mtu mmoja.