Kiti Kirefu Kilichofuatwa na Mwenye Duka

Miaka ile ya ruksa, vitu vya nje vilipoanza kujaa madukani, mama alinunua kiti kirefu cha kulishia mtoto kwenye duka moja la Chang'ombe. Kilikuwa na miguu ya chuma ya kukunja na kimeza kwa mbele. Mdogo wangu alipopandishwa humo alitutazama kama mkaguzi aliyekuja bila taarifa. Nailoni ya dukani haikubanduliwa. Kwetu, kitu kikibanduliwa nailoni kimeshazeeka.

Mchana mmoja mwenye duka akaja mwenyewe nyumbani, jasho likimchuruzika chini ya kofia. Tulishangaa, maana dukani kwake alitundika kibao kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

"Mama, nimekuja kuchukua kile kiti," alisema. "Ndugu yangu wa Ulaya kapiga simu. Kiwanda chenyewe kimetangaza virudishwe, miguu ina kasoro. Pesa yako nakurudishia yote."

Mama alicheka. "Thubutu! Sema kimepanda bei, umepata mteja mwingine."

"Wallahi siyo hivyo."

"Usiape bure. Toka lini muuzaji akamfuata mnunuzi?"

Hata mie niliona mama ana haki. Mfanyabiashara akitaka mali yake irudi, kanusa faida. Lakini kuna jambo lilinikera kichwani: kiwanda kinajisema chenyewe? Watu wote niliowajua walikuwa wakikosea wanaficha. Nilitamani sana kujua anayejishtaki anapata nini.

"Basi mtoe mtoto humo kitini nikuoneshe," mwenye duka akaomba.

Mama akamtoa, akampakata ubavuni. Nikaleta mfuko wa unga, ukawekwa mahali pake. Mwenye duka akakitikisa kiti huku na huku. Kikasimama imara. Mama akatabasamu, na yule bwana akaanza kuona aibu. Mimi nikashindwa kuvumilia.

"Mtoto hakitikisi hivyo," nikasema. "Yeye husukuma kimeza kwa miguu."

Nikakisukuma kwa viganja, kama anavyofanya akishiba. Pini iliyoshika miguu ikachomoka, miguu ikajikunja, mfuko ukapiga sakafu na kupasuka. Mama alikaa palepale kwenye unga, akambana mdogo wangu kifuani hadi mtoto akalia. Asubuhi ya siku ile alikuwa amemwacha humo, akaenda uani kuanika nguo.

"Vingine umemuuzia nani?" aliuliza.

"Kimoja tu. Dada mmoja simjui jina. Alisema anakaa mtaa huu huu."

Mama akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, akatoka na unga wake magotini, sisi nyuma. Nyumba kwa nyumba alibisha hodi akiulizia kiti kirefu, na watu wakadhani anataka kuazima. Kwenye nyumba ya pembeni akatoka mwanamke ameshika kijiko cha uji, akatukaribisha vizuri.

Mama alimpita mlangoni bila hata salamu, akakimbilia ndani kule kilikotoka kicheko cha mtoto.