Miche ya Kuchomwa

Nashoni Kisyeri hakumuuzia mtu mche wa kahawa kabla ya kumwonyesha mzizi. Wakati mwingine alituchosha. Umetoka mbali, mvua inanukia, unataka miche yako uende zako. Yeye anagonga kopo, anautoa mche na udongo wake, anaupangusa taratibu mpaka mzizi mkuu uonekane. Ukiwa umenyooka anakukabidhi. Ukiwa umejipinda kama ndoana anautupa nyuma ya kitalu. Makopo yenyewe, matupu ya maziwa na samli, aliyapata kwa Bushiri, mwenye duka mjini Tarime. Gorong'a yetu yote ilijua kwamba kahawa iliyotoka kwa Nashoni haifi ovyo.

Alikuwa ameoa kwa ng'ombe wa dada yake, Wegesa. Kwetu ndivyo ilivyo: msichana anaolewa, na ng'ombe wa mahari yake wanamwolea kaka yake. Ila Wegesa aliozwa kwa mzee mwenye zizi kubwa na mkono mwepesi wa kupiga, akavumilia mpaka mzee alipokufa na kumwachia kovu juu ya jicho. Nashoni alikuwa na mke mwema, Mokami, na watoto wazuri. Kila alipoliona kovu lile aliangalia chini.

Mwaka wa sabini na nne ikaja Operesheni Vijiji. Tukaambiwa tuhame tukajenge kando ya barabara. Kitalu kilikuwa kimejaa miche iliyo tayari, lakini nani angenunua? Mtu hapandi kahawa mahali asipojua kama ataachwa akae. Masika yakapita, na mengine yakapita, miche ikabaki kwenye makopo. Mokami alimwambia aitupe, aoteshe mingine. "Nitaitupa," alisema, akachukua ndoo akaenda mtoni kuteka maji ya kuimwagilia. Alikuwa ameilea, na mkono haukumtii.

Tulipokwisha kugawiwa mashamba, tukasikia bei ya kahawa imepanda, tena ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, wanaigombania. Sasa kila mtu akataka miche. Mwenyekiti wa kijiji naye akaja kutafuta ya shamba la ujamaa. Nashoni akagonga kopo mbele yake. Mzizi ulikuwa umefika chini, ukakosa njia, ukajikunja kurudi juu.

"Huu utastawi vizuri tu," alimwambia. "Utatoa na maua. Siku utakapobeba mzigo wa kwanza na jua likawaka, utakufa."

Akakataa kuuza hata mmoja, akaanza kuirundika aichome. Nilimheshimu siku ile kuliko siku nyingine yoyote.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe, miaka mingi baadaye. Kabla hajawasha moto, Wegesa alitokea.

"Mura, ndugu yangu, mbona unataka kuchoma kitu kibichi?"

"Imekaa sana kwenye makopo, dada."

"Na mimi nilikaa sana kwa yule mzee, mbona bado natembea? Nipe mimi."

Maneno aliyomwambia mwenyekiti yalikuwa bado mdomoni, na hakuyatoa. Tangu aolewe, Wegesa hakuwahi kumwomba kitu. Kumnyima siku ile alikuona kama kumnyima malipo ya kovu lake.

"Basi kagua mizizi kwanza," alisema kwa sauti ndogo.

"Nikague miche ya ndugu yangu?" Wegesa akacheka, akaanza kupanga makopo kwenye kapu.

Hapo ndipo angesema. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika, maana lilikuwa neno moja tu.

Kahawa ile ilistawi hata tukamsema Nashoni kwamba alituringia bure. Wegesa alitamba nayo. Shemeji zake, ndugu wa marehemu mumewe, walikuwa wanataka arithiwe na mmoja wao, mtu mwenye wake wawili tayari, naye akawajibu kwamba ana kahawa yake, haolewi tena na mtu. Nashoni alikuwa akipita pale shambani kwake jioni, anatazama majani yale yanayong'aa, akaanza kuamini kwamba huenda alikosea. Alitamani sana awe amekosea.

Mwaka wa kwanza wa mavuno makubwa, kiangazi kilikuwa kikali. Majani yakalegea, yakakauka, matunda mabichi bado yameshikilia matawi. Wegesa akachimbua mti mmoja kwa jembe, akaubeba mpaka kwa kaka yake, akaulaza mlangoni.

"Ulijua?"

"Nilijua, dada."

Hakumlaani wala hakulia. Aligeuka akaenda zake, na kabla ya mvua kuanza alikuwa amehamia kwa yule shemeji, kuwa mke wake wa tatu.

Nashoni akaotesha miche mipya, mizuri kuliko yote aliyowahi kuotesha. Ilipofika wakati wa kupanda, aliibeba mwenyewe mpaka kwenye boma la yule shemeji. Wegesa akampokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akamletea uji. Kisha akaketi chini mbele yake, akachukua kopo la kwanza, akaligonga, akapangusa udongo, akautazama mzizi. Akauweka kando, akachukua la pili. Nashoni alikaa pale na kibuyu cha uji mkononi, hajakunywa, mpaka dada yake alipomaliza kukagua yote.