Kibali cha Sabuni ya Bangwe

Mimi niliacha shule darasa la nne, na sisemi hivyo kwa aibu. Niliokaa nao dawati moja wana vyeti vya kujaza ukuta, lakini ukiuliza ni nani aliyewaogesha watu wa mwambao huu, kuanzia Ujiji mpaka Kagunga, utaletwa kwangu. Nilianza na nusu pipa nyuma ya chumba cha kupanga, Bangwe, nikichemsha mawese na magadi makali ya kostiki huku majirani wakinilalamikia moshi. Hakuna aliyenifundisha. Niliunguza nyusi mara mbili, zikaota, nikaendelea. Miaka michache baadaye nilikuwa na mapipa sita, banda la mabati, na kina mama saba wa kunifanyia kazi.

Fundi mkuu wa mapipa alikuwa bibi mmoja aliyevuka ziwa kutoka upande wa Kongo zamani, bado msichana. Bibi huyu alikuwa na ulimi usiokosea. Sabuni ikishaganda, anakata kipande chembamba kama ukucha, anakigusa kwa ncha ya ulimi, anatazama mabati. Kostiki ikiwa bado kali, ulimi unachoma, naye anasema, "Hii bado inaongea." Inarudi kwenye pipa. Ikiwa imeiva anasema, "Imenyamaza," na sisi tunakata miche. Ndiyo ilikuwa maabara yetu, na haikuwahi kutuangusha.

Ikaja ile miaka ya wakimbizi kuingia kwa wingi. Ufukwe wa Kagunga ulijaa watu mpaka ukawa huoni mchanga. Meli ikawa inawachukua kuwaleta mjini, wanapumzika siku chache kabla ya mabasi kuwapeleka makambini. Mtu aliyekimbia na nguo aliyovaa, akishapata maji na ugali, anachouliza ni sabuni. Basi siku moja akaja bandani kwangu mnunuzi wa shirika la misaada, bwana mmoja mwembamba mwenye kofia kubwa. Alinawa mikono kwa mche wangu, akaunusa, akanawa tena.

"Sabuni nzuri," akasema. "Kibali kiko wapi?"

"Kibali cha nini? Si umeona povu?"

"Povu siwezi kulipeleka ofisini, mzee. Nina wiki mbili. Ukinipa kibali cha viwango, nachukua kila utakachotengeneza, mwezi hadi mwezi. Ukikosa, naagiza Mwanza."

Kabla hajafika barabarani nilikuwa nimeshawatangazia kina mama kwamba kazi ya mwaka mzima imepatikana. Watano kati yao walikuwa wageni wa ziwa kama bibi, hawana shamba wala ndugu wa kuwakimbilia. Walipiga vigelegele. Nami nikapokea vigelegele vile kana kwamba kibali kipo mfukoni.

Afisa wa viwango alikuwa dada mmoja kutoka Tanga, ushungi umenyooshwa vizuri, sauti ya upole, kalamu isiyo na huruma. Alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba kwa sauti nzito, nikadhani mambo yamekwisha. Akanitolea karatasi za kujaza. Zilikuwa nyingi. Wanataka kila kinachoingia kwenye pipa na uzito wake. Wanataka kujua mawese yametoka kwa nani na kostiki imetoka kwa nani. Wafanyakazi wamepimwa afya lini? Lebo iseme nini? Kila toleo la sabuni liwe na namba, ili likileta madhara lijulikane limekwenda wapi. Mwishoni kabisa: usalama wa bidhaa umepimwa kwa njia gani, na nani.

"Na mpaka utakapopata kibali, mzee wangu, hutakiwi kuuza hata mche mmoja," akaniambia. "Nakuja kukagua Jumatatu. Nisiporidhika, itabidi banda lifungwe."

Ndiyo ikawa hivyo. Niliingia ofisini kutafuta soko, nikatoka nimeliweka banda langu rehani kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jumatatu akaja. Nilikuwa nimewavalisha kina mama vilemba vyeupe, na lebo nimezichapisha mpya. Akasoma moja. Nilikuwa nimeandika: inatakatisha, inang'arisha, inatibu upele na mapunye.

"Hii ya kutibu ifute."

"Lakini inatibu kweli. Muulize yeyote."

"Ukisema inatibu si sabuni tena, ni dawa. Utahamia ofisi nyingine yenye karatasi mara tatu ya hizi."

Nikafuta mwenyewe, na kalamu yake.

Akaenda kwenye rafu ambako sabuni hukaa wiki tatu kukauka. "Toleo hili namba ngapi?"

"Hilo ni Mvua ya Mawe."

"Na hili?"

"Arusi ya Pili. Lile la juu ni Meli Imechelewa."

Hakucheka. Mimi namba hunipotea kichwani, lakini tukio la mwambao huu halinipotei. Kila pipa nilikuwa nalipa jina la jambo lililotokea siku hiyo, nikaliandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo, na pembeni nachora alama za waliochukua: samaki ni Katonga, mwezi ni Ujiji, na kadhalika. Alisimama mbele ya ule mlango muda mrefu. Mwisho akaandika kitu, sikujua ni kizuri au kibaya.

"Mnajuaje kwamba sabuni imeiva, haitaunguza ngozi ya mtu?"

"Bibi anaonja."

"Anaonja nini?"

"Sabuni."

Kalamu ikasimama. Bibi akasogea, akakata kipande, akaonja mbele yake, akatazama mabati. "Imenyamaza," akasema.

"Bibi akiumwa?" afisa akaniuliza.

"Haumwi."

"Akisafiri?"

"Hasafiri. Ana kuku."

Afisa akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. Idd ilikuwa imepita siku tano tu. "Na Ramadhani yote hii," akasema polepole, "nani alikuwa anaonja?"

Bibi alijibu kabla yangu. "Mimi mchana wa Ramadhani sionji hata chumvi, mwanangu. Na sabuni haisubiri futari, ikishaganda lazima ikatwe. Sisi wote hapa tulifunga. Mwenye mdomo mchana alikuwa huyu Mkristo wetu."

Nikatoa kifua. "Nilionja kila toleo kwa ulimi wangu. Yote yalinyamaza."

"Unavuta sigara, mzee?"

"Sivuti. Natumia ugoro kidogo, chini ya mdomo."

"Kidogo cha kumaliza kopo," akadakia mama mmoja kule nyuma.

"Mdomo wenye ugoro," bibi akasema kwa masikitiko, "hata pilipili itanyamaza."

Afisa akafungua mkoba, akatoa karatasi nyembamba kama vijiti vya kiberiti. Unalowesha sabuni, unaigusisha karatasi, rangi inakuambia ukali. Akaanza na matoleo ya bibi. Kijani, kijani, kijani ya kuelekea bluu. Sawasawa. Kisha akaingia kwenye matoleo yangu ya Ramadhani. La kwanza likapita, nikakohoa. La pili likapita. La tatu, nililoliita Futari ya Kumi, karatasi ikaruka moja kwa moja mpaka zambarau nzito kama zabibu. Siku ile tulifungua mfuko mpya wa kostiki, mkavu, usiokuwa umeingiwa na unyevu, nasi tukapima kwa kopo lilelile la siku zote, ikazidi.

"Toleo hili liko wapi?"

Sikuhitaji kutazama mlango. Futari ya Kumi ilitoa miche tisini. Arobaini ilikuwa pale rafuni. Ishirini ilikwenda Katonga kwa wanawake wanaopara samaki. Na thelathini tuliipeleka sadaka siku ya Idd, kwenye hema la akina mama wakimbizi waliojifungua, wanaowekwa mjini mpaka wapate nguvu ya safari.

Nilipotamka lile neno hema, bibi alikwisha kushika khanga yake ya kutokea. Mtoto wa siku kumi na ile zambarau. Hapo nilisahau kibali, nasema kweli, na mimi si mtu wa kusahau kibali.

"Irudishe yote," afisa akasema. "Ukirudisha, utakuwa umenionyesha kwamba unaweza kuifuata sabuni yako popote ilipo. Ukishindwa, sitaandika sahihi. Nakupa mpaka Alhamisi."

Nilikwenda hemani na bibi, pikipiki moja, watu wazima watatu pamoja na dereva. Kiha chetu na Kirundi chao ni ndugu, kwa hiyo nilipoingia nikasalimu, "Amahoro," nikaanza kueleza mbiombio mpaka wakadhani nimeleta habari ya msiba. Mama mmoja mrefu, mwenye kichanga begani, akaniinulia mkono nitulie.

"Watoto hatuwaogeshi kwa sabuni," akasema. "Maji ya vuguvugu na mafuta ya mise, ya kokwa za mchikichi, basi. Sabuni yako tumefulia."

Bibi akafunua vile vichanga kimoja kimoja, akawapapasa mgongo na makwapa. Ngozi laini, zinang'aa mafuta. Nikakaa chini kwenye mkeka wa watu bila kukaribishwa.

"Lakini usifurahi," yule mama akaendelea. Akachomoa kitenge kwenye kamba, akakitandaza mbele yangu. "Hiki kilikuwa na ndege. Wameruka."

Kweli, kitenge kilikuwa kimebaki na mawingu tu. Hema lote likaangua kicheko, nami nikacheka mpaka machozi, ya kicheko na ya mengine. Kesho yake nikampelekea kitenge kipya, chenye tausi wakubwa. Nilikichagua mwenyewe, na kila aliyekiona alisema nina jicho. Miche ishirini na sita ilirudi mizima, na vipande vinne vilivyotumika.

Nikadhani Katonga itakuwa rahisi. Wale wanawake wananijua, wananiita baba sabuni. Nikawakuta wamekaa kwenye mabenchi yao, magamba mpaka viwikoni, nikawaambia nimekuja kuchukua ile sabuni, ina kasoro, nampa kila mtu miche miwili kwa mmoja.

"Kasoro gani?" akauliza mkubwa wao.

"Ni kali. Inaunguza."

"Miaka kumi na mbili napara samaki," akasema. "Miaka kumi na mbili mume wangu analala amegeukia ukuta. Wiki hii kageuka. Halafu wewe uje uichukue?"

Wenzake walilala juu ya mabenchi kwa kucheka. Nikabembeleza. Nikaongeza mche wa tatu. Nikawaonyesha karatasi ya zambarau, wakasema rangi nzuri. Ilibidi bibi aingie kati. Aliwaambia wanyooshe viganja, akawapitishia kidole mmoja mmoja, akawaonyesha wenyewe mahali ngozi ilipoanza kupasuka. Hapo wakaanza kutoa, mmoja mmoja, kwa kununa. Miche kumi na saba. Yule mkubwa wao hakutoa, na alikuwa nayo mitatu.

"Niandike," akasema. "Niandike kwamba nimeambiwa na nimekataa."

Alhamisi nilimpangia afisa miche yote mezani, na vipande vinne kwenye sahani. Usiku uliotangulia rafiki zangu walinishauri nikate mitatu kutoka toleo jingine nijazie, rangi ni ileile, nani atajua. Nakiri nilikishika kisu. Lakini mtu aliyekwishaona kichanga kikifunuliwa mgongo hawezi kazi hiyo tena.

Akahesabu mara mbili. "Mitatu?"

"Iko Katonga, kwenye benchi la tatu kutoka majini. Mwenyewe ameambiwa, na amekataa kwa sababu za ndoa."

Alinitazama. Nikaeleza. Ndipo kwa mara ya kwanza nikamwona yule dada akicheka, kicheko kirefu, akashika ushungi usianguke. Alipomaliza akasema, "Wengine wote huniletea hesabu iliyokamilika, mzee wangu. Inakamilika kila mara. Hiyo ndiyo huninyima usingizi."

Akachukua pikipiki, akaenda Katonga mwenyewe. Alirudi bila ile mitatu, lakini akiwa na samaki wawili kwenye mfuko na karatasi yenye dole gumba la yule mama, kwamba ameonywa. Akaibandika kwenye faili. Akaniandikia masharti: kostiki ipimwe kwa mizani, si kopo, kila toleo lipewe namba, jina likipenda libaki pembeni, na karatasi za rangi zitumike kila siku, mfungo au sikukuu. Penye nafasi ya mpimaji aliandika jina la bibi. Bibi alifundishwa rangi kwa nusu saa, akazishika kuliko mimi. Bado anaonja kwanza, halafu anaiuliza karatasi kama imekubaliana naye.

Kisha sahihi. Kisha mhuri. Niliomba augonge tena, nisikie, akakataa.

Mnunuzi mwenye kofia alikuja kabla ya wiki zake mbili kwisha, akakisoma kibali juu mpaka chini, akaagiza lori. Kina mama walipakia wakiimba, vilemba vyeupe vile vile, na bibi amesimama mlangoni akiita namba za matoleo kwa sauti ya mwalimu. Lori liliondoka saa tano asubuhi, likapanda kuelekea Mwanga, sokoni, ambako wengi wa wale niliosoma nao wana maduka. Dereva alikuwa amenifungulia mlango wa mbele. Nilimshukuru, nikapanda juu ya mzigo, nikaketi juu ya maboksi na kibali changu mkononi, nimekishika wazi, upande wa mhuri nje.