Baiskeli ya Umeme kutoka Mitwero

Pamoja na cheti changu cha masomo ya jioni, niliwahi kuamini kwamba baiskeli ya umeme ikiguswa na tone la mvua humpiga shoti mpandaji na kumrusha hadi milima ya Rondo, isipokuwa awe amevaa mabuti ya mpira. Kwa hiyo niliponunua yangu kwenye mitumba ya Japani, rahisi kuliko zote, nilinunua na mabuti.

Mkuu wetu wa ofisi, Mama Somoe, alikuwa ameniambia nikichelewa tena ukarani anapewa mwingine. Wiki mbili nikaondoka Mitwero alfajiri, nikakanyaga pedali, nikafika Lindi mjini kwa wakati, shati unaweza kulikamua. Wenzangu niliwaambia ni joto la umeme.

Mama Somoe akatamani na yeye. Akamwita Fundi Selemani, mtengeneza baiskeli wa jirani, aikague mbele ya ofisi nzima.

"Mama, tafuta nyingine," alisema fundi, mkono chini ya kiti. "Hii haina betri."

"Mbona kila siku anakuja nayo?"

Fundi akanitazama, kisha akayatazama mabuti.

"Anaiendesha kwa miguu, mama. Kama baiskeli nyingine."