Mashine ya Mlimani Ilivyoanza Kusemea Mjini

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Iringa miaka ya sabini, Mkuu wa Mitambo hakuniuliza cheti. Alinitazama mikono, akaniuliza kama nimekunywa chai, kisha akanikabidhi chuma chenye meno mawili.

"Huyu ndiye mwalimu wako," akasema. "Mimi nitakuwa nakugombeza tu."

Kazi yetu ilikuwa teleprinta, mashine za kuchapa maneno yanayopita kwenye waya. Mashine mbili haziwezi kuelewana mpaka mota zake ziende mwendo mmoja. Zikipishana, salamu ya heshima inatoka herufi ovyo. Tulipima kwa chuma kile. Unakigonga gotini kitetemeke, unachungulia kati ya meno yake milia iliyochorwa kwenye gurudumu la mota. Milia ikionekana imesimama, mwendo umekaa sawa. Nilikipenda chuma kile kuliko saa yangu.

Baadaye mimi na Mkuu tulihamishiwa Mbeya. Mlimani kulikuwa na kituo cha mitambo ya simu, na ndani yake teleprinta iliyojichapia taarifa za hali ya mitambo. Aliyeisoma ni Ambilikile, Mnyakyusa mcheshi, mpishi mbaya. Amri ilikuwa moja: mashine haiachwi bila msomaji.

Mwezi wa sita, mama yake akazidiwa huko Uyole. Hatukuwa na mtu wa kumpokea zamu. Mkuu akakuna kichwa.

"Kama mtu hawezi kuiacha mashine, basi maneno yake yashuke mjini."

Tukatafuta jozi ya waya isiyo na kazi, tukaunganisha mashine ya mlimani na teleprinta ya ofisini kwetu. Asubuhi Ambilikile akaiwasha ya kwake, iliyozimwa usiku ili tufunge waya, akaipima, akachapa: MMEAMKAJE MJINI. Ikatoka safi, tukapiga makofi. Muda si mrefu karatasi ikajaa takataka. Nikampigia simu.

"Ambi, Kinyakyusa gani hiki?"

"Mimi sijaandika kitu, kaka. Ni mashine yenyewe hiyo. Nishavaa koti."

Mkuu akanipokonya simu. "Hakuna kutoka!"

"Mkuu, mama ananiita."

Ukali wote ukamtoka Mkuu. "Mota uliipima wakati gani?"

"Nilipoiwasha tu."

"Kwa baridi ya huko juu! Umeipima imeganda, sasa imepata moto inakimbia. Vua koti, chemsha chai, unywe, ndipo uipime tena."

Sijawahi kuichukia chai kama siku ile. Tulisimama juu ya karatasi, Mkuu akitafuna kalamu. Hatimaye taarifa ya mashine ikaja, herufi moja moja, safi kabisa.

"Inasomeka?" Ambilikile akauliza.

"Inasomeka, kaka. Shuka."

Hata simu hakuirudisha mahali pake. Tulisikia mlango ukibamizwa.

Sasa nimestaafu, nakaa Soweto, mtaa wa hapahapa Mbeya. Mjukuu wangu anaelekeza maneno ya kompyuta iliyo mji mwingine yaje kwenye skrini yake, na mwendo anaupanga kwa kubonyeza. Ananiambia pande mbili bado lazima zilingane. Nafurahi sana kusikia hivyo, ila fahari yangu iko kwingine.

Ambilikile alifika Uyole mchana ule. Mama yake alifumbua macho, akamwuliza kwa ukali, "Kazi ya watu umemwachia nani?"

"Wenzangu wanaisoma, mama."

Wiki hiyohiyo tulimzika. Pale makaburini Ambilikile alinishika mkono, machozi yakimtoka, akasema, "Kaka, amenigombeza vizuri sana."